Ushuhuda wa Dada wa Mkalimani

4 Februari

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua. Simu haifai tena kwa mambo ya maana humu ndani. Tangu macho yamwishie, mwanangu Chiriku anasikia hata ninachonong'ona jikoni bomba likiwa wazi, halafu anakwenda kuwahadithia majirani na kuongeza ya kwake. Umri miaka minane, mdomo miaka arobaini. Kwa hiyo nitakuandikia, na wewe unijibu kwa kuandika.

Habari ni kwamba amepata nafasi. Ile shule ya watoto wasioona imekubali kumchukua, ni ya bweni, na inafunguliwa tarehe 21 Aprili. Watamfundisha kusoma kwa vidole, kutembea na fimbo, hata kupiga kinanda. Baba yake alipomaliza kuisoma ile barua alitoka nje akaenda kuliosha lori ambalo alikuwa ameshaliosha asubuhi. Mimi nilikaa kitandani nikacheka peke yangu.

Mwaka jana nisingeweza. Unajua nilivyokuwa. Miaka minne nazunguka na mtoto kwenye mikutano ya maombi, nafunga siku tatu tatu, nasimama kwenye chumba cha kufulia cha hoteli nikipiga pasi mashuka huku sijala kitu. Niliona kumpeleka shule ya vipofu ni kumwambia Mungu nimekata tamaa naye. Ndipo ukaja mkutano wa Septemba huko kwenu. Nikampandisha Chiriku jukwaani mara ya tatu. Yule mhubiri mgeni akatutazama, akasema kwa lugha yake, na wewe pembeni yake ukatafsiri: "Mama, hujakosa kitu. Mungu hajakuacha wala hajakukasirikia. Mrudishe mtoto nyumbani, mle, mlale."

Nililia ndani ya basi mpaka abiria wa mbele akageuka kuniuliza nimefiwa na nani. Mtu asiyenijua, anayehubiria maelfu, anajuaje kwamba nilikuwa sijala? Pale ndipo nilipojua Mungu ananiona.

Sasa nimeona kwenye tangazo kwamba anarudi tarehe 6 Aprili. Nataka kupanda nimshukuru mbele ya watu, na wewe unitafsirie kwake. Ruhusa kazini nimeshaomba. Niandikishe kwenye orodha ya shuhuda.

Dada yako


13 Februari

Dada mpendwa,

Hongereni nyote kwa nafasi ya Chiriku. Mwambie kwamba mjomba wake amepata saa ya zamani yenye kioo kinachofunguka, atakuwa anagusa mishale kwa kidole na kujua saa ngapi. Imebaki kuitengeneza bawaba.

Kuhusu tarehe 6, sidhani kama itafaa usafiri. Ukumbi watu hubanana mno, na Chiriku ataumia. Tena orodha ya shuhuda imeshajaa, nasikia. Halafu mhubiri mwenyewe siku hizi hapendi shuhuda ndefu, na ukianza wewe, tunajuana, hatutalala nyumbani. Na nauli ya bure ya nini wakati una maandalizi ya shule?

Niandikie hayo unayotaka kumwambia, nitamfikishia mimi mwenyewe faraghani. Itakuwa vilevile tu.

Mdogo wako, Fundi Saa


20 Februari

Bwana Mkalimani,

Nimempigia Katibu wa kanisa lenu. Anasema orodha ya shuhuda ina watu wawili, na mmoja wao ni yeye mwenyewe.

Sasa niambie, unanificha nini? Tangu ukiwa mtoto, ukiongopa unatoa sababu nne pale ambapo moja ingetosha. Ukumbi umebana, orodha imejaa, mhubiri hapendi shuhuda ndefu, nauli ghali. Ungeongeza na mvua.

Nimewaza mengi, na mengine si mazuri. Nimewaza kwamba unanionea haya. Wewe siku hizi unavaa koti, unasimama jukwaani kipaza sauti mkononi, halafu apande dada mwenye vidole vilivyoungua kwa pasi aseme "huyu ndiye mdogo wangu". Kama ni hilo, sema, tutaumia na kupona. Usinipige chenga kama mtu baki.

Kwangu jambo hili si mchezo. Ninamwachia mtoto wangu wa pekee mikononi mwa watu nisiowajua kwa sababu ya maneno matatu niliyoambiwa pale juu. Lazima nimtazame machoni aliyeyasema, nimwambie asante. Nikishasema hivyo nitaweza kumfungia sanduku lake. Kabla ya hapo mikono haitaki.

Jibu, na safari hii toa sababu moja.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Nimeanza barua hii mara sita. Sababu ni moja, na ndiyo hii: mhubiri hakuyasema maneno yale. Niliyasema mimi.

Nikueleze kazi yetu inavyokwenda. Yeye husema sentensi moja, akanyamaza. Hapo ninapata muda wa kuvuta pumzi moja tu, kisha natakiwa niitoe kwa lugha yetu, kwa sauti ileile, hata mkono niinue kama alivyoinua. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo sikuwahi kutia chumvi wala kupunguza. Lugha yake niliiokota kwa yule mzee aliyenifundisha saa, na alinifundisha vyote viwili kwa namna moja: ukirudisha saa ya mtu, skrubu ziwe zilezile.

Siku ile alisema hivi: "Mwambie mama huyu kwamba mtu mwenye imani ya kweli harudi mara ya tatu. Kinachomfunga mtoto huyu ni mashaka ya mama yake. Akiamini kweli, mtoto ataona."

Nikavuta pumzi. Nikakuona umeishika sweta ya Chiriku mgongoni kwa mikono miwili, na shingo yako ilikuwa imebaki mifupa. Mdomo ulifunguka, yakatoka yale uliyoyasikia. Mhubiri akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mgonjwa mwingine. Watu elfu mbili wakasema amina.

Nilidhani yataishia pale. Ulipopata usingizi nilifurahi. Ulipotuma picha ukiwa umenenepa nilifurahi zaidi. Sikujua unajenga nyumba juu ya maneno yangu. Ukipanda tarehe 6 na kumshukuru kwa maneno yale, nitakuwa na njia mbili tu: nikuumbue pale mbele ya watu, au nimdanganye na yeye. Ndiyo maana nilikuzuia.

Nisamehe. Mpeleke Chiriku shule, Dada. Hilo tu nakuomba.

Mdogo wako


16 Machi

Dada,

Wiki mbili, kimya. Simu naona inaita mpaka inakata.

Shemeji amenipigia kutoka safarini. Anasema umeanza tena kufunga, na kwamba umeiandikia shule wasimngoje Chiriku. Ameniuliza nimekuandikia nini.

Nikasirikie, ni haki yako. Lakini mtoto amekukosea nini? Nafasi ile mmeisubiri tangu Septemba. Usimfanye alipe yeye kwa kosa langu. Tafadhali niandikie hata matusi.

Mdogo wako


20 Machi

Ndugu Mkalimani,

Umetaka matusi, ninayo ya kutosha.

Barua yako niliisoma chooni kazini, maana ndiko peke yake kuna mlango unaofungwa. Niliisoma mara nne. Wenzangu wakadhani ninaharisha.

Umenivika kilemba cha ukoka mbele ya watu elfu mbili, na nimetembea nacho mtaani miezi sita. Unajua nilichofanya na maneno yako? Niliyaandika nikayabandika ndani ya mlango wa kabati. Nilimsomea mwenzangu wa zamu alipofiwa na mumewe. Nilimwambia Chiriku kwamba Mungu alimtuma mtu kutoka mbali sana aje amwambie mama yake apumzike. Sasa nimwambieje? Kwamba alikuwa mjomba tu, yule wa saa?

Unasema uliniona mifupa ya shingo. Nani alikutuma uione? Daktari akisema ugonjwa mzito, mkalimani akasema mafua, utamwita mkalimani huyo mtu mwema? Mimi nisingemwita hivyo. Na hili umelifikiria? Pengine mhubiri alisema kweli. Pengine ningeisikia kweli siku ile, ningekwenda nyumbani nikapambana na mashaka yangu, na leo mwanangu angekuwa ananiona. Badala yake nimekula na kulala kwa agizo la fundi saa. Miezi sita nimeipoteza nikishiba.

Ndiyo, nafunga. Ndiyo, nimeiandikia shule. Wamejibu kwamba asipofika tarehe 21, kitanda atapewa mtoto mwingine. Sawa, apewe. Siwezi kumpeleka kwa ruhusa yako.

Na nikuulize lililonikaa kooni. Wewe unaamini? Miaka kumi na moja unasema "Bwana anakuambia" kwa mdomo huohuo. Kuna hata siku moja ulikuwa unamaanisha?

Tarehe 6 siji. Nenda wewe ukamuulize mhubiri kama maneno aliyosema juu yangu yalitoka kwa Mungu au kwake. Kisha niandikie jibu lake neno kwa neno. Huruma yako kaa nayo.

Dada yako, bado, ingawa inaniuma


29 Machi

Dada,

Nitamuuliza. Nimekwenda kwa wazee wa kanisa nikawaeleza yote. Hawakupiga kelele. Katibu alisema nimeghushi Neno, akafungua droo, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuweka kile kitambulisho changu cha mkutanoni. Atatafsiri binti mmoja mwanafunzi wa chuo, ana kasi kuliko mimi. Watu niliokaa nao benchi moja miaka yote hii sasa wananisalimia wakiwa ng'ambo ya barabara. Mke wa mchungaji alikuja dukani kuchukua saa yake kabla sijaitengeneza.

Umeuliza kama naamini. Swali hilo lilinitia hasira siku tatu. Nilitaka kukujibu kwamba wewe ndiye usiyeamini, wewe unayempima Mungu kwa siku ulizokaa na njaa. Nilikwishaandika hivyo, nikaichana karatasi.

Jibu la kweli linaniaibisha. Nikipiga magoti peke yangu, huwa nangoja. Nangoja mtu aseme sentensi kwanza, nami nifuate. Hakuna anayesema, basi nainuka nakwenda kazini. Nimesema maombi ya watu wengine mpaka yangu sijui yanaanzia wapi. Watu hunishika mkono wakisema nimewabariki, nami nawaitikia, huku najua nilikuwa bomba tu linalopitisha maji.

Ila siku ile, Dada, nilipokuambia Mungu hajakuacha, niliamini. Sikungoja mtu aseme. Sijui kama ile ni imani, au huruma ya ndugu, au kiherehere. Najua nilikosea kukupa kwa jina la mtu mwingine. Ningeweza kushuka jukwaani nikakuambia kwa jina langu, na ungeamua mwenyewe kuchukua au kutupa. Niliogopa kwamba yakitoka kwangu hutayajali. Hilo ndilo kosa ninaloliungama. Lakini siwezi kuungama kwamba yalikuwa uongo, maana sioni kwamba yalikuwa uongo.

Kula kitu, nakusihi.

Mdogo wako


8 Aprili

Dada,

Ulitaka neno kwa neno.

Nilimpata jana asubuhi kwenye chumba cha wageni nyuma ya ukumbi, kabla hajaondoka. Alikuwa amevua viatu, miguu imemvimba, anakunywa chai. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtafsiria Septemba, na kwamba kwa mama mmoja sikusema alichosema.

Akasema: "Mama yupi?"

Nikamweleza, mama mwenye binti asiyeona, aliyekuja mara ya tatu. Nikamrudishia maneno yake yote kwa lugha yake.

Akasema: "Sikumbuki. Siku ile waliletwa watoto wengi."

Nikamuuliza kama maneno yale yalitoka kwa Mungu. Akasema: "Nikiwa pale juu yanatoka mengi." Nikamuuliza mara ya pili. Akasugua macho, akasema: "Mwambie aamini tu." Nikasema, aamini nini? Akaniomba nimpe soksi zake kwenye kiti. Nikampa.

Hayo ndiyo yote. Sikumchukia, kama unataka kujua. Ni mzee aliyechoka, na nilimsaidia kuvaa soksi ya kushoto.

Kutoka leo zimebaki siku kumi na tatu. Sisemi zaidi, maana umenikataza huruma.

Mdogo wako


23 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 8 ilinitia hasira kuliko ile ya tarehe 2 Machi. Hasira ya kwanza ilikuwa juu yako. Hii sikujua niipeleke wapi. Nimekonda mwezi mzima kwa ajili ya sentensi, na mwenye sentensi haikumbuki. Nilipiga pasi mashuka siku ile mpaka msimamizi akaja kuniambia nitayatoboa.

Hata hivyo sikuacha kufunga. Hapo ndipo utaona nilivyo mbishi. Nilisema, potelea mbali mhubiri, nitamwonyesha Mungu mwenyewe kwamba sina mashaka. Siku tatu nyingine. Siku ya tatu nilikuwa nimerudi kutoka kazini mchana, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, Chiriku akaja kunikalia mapajani. Unajua anavyosalimia sasa, kwa mikono. Akanipapasa mashavu, akashuka shingoni, akafika kwenye ile mifupa, akasimama hapo. Kisha akaniuliza: "Mama, safari hii nimekosa nini?"

Miaka minne yote nilidhani yeye ananiona mimi shujaa. Kumbe kila nilipofunga, alijua ni kwa sababu yake, na alikuwa anatafuta kosa lake. Nilikwenda jikoni nikala viazi vya jana, baridi, nimesimama, yeye amenishika sketi, anasikiliza ninavyotafuna.

Usidhani kwamba baada ya hapo nilipata amani. Sikupata. Niliomba siku zilizofuata kwa ukali, mpaka mimi mwenyewe nikajishangaa. Nilimwambia Mungu kwamba nimechoka kusikia anachosema kupitia watu. Aliyekuja na neno kali hakumbuki, aliyekuja na neno tamu alilitunga. Kama ana neno la kwangu, aliseme, mimi nipo hapa, kwenye chumba cha kufulia kuanzia saa moja asubuhi, yeye anajua nilipo. Nikangoja. Mashine zikazunguka, zikasimama. Hakusema kitu.

Nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo. Lakini nilipomaliza zamu niligundua kwamba nimemsemesha mchana kutwa. Mtu unayeamini hayupo humnunii hivyo. Sijui hilo lina uzito gani. Mtu wa jukwaani angelicheka. Mimi ndilo ninalo, sina jingine.

Tarehe 19 nikaipigia shule simu. Kitanda kilikuwa bado kipo, ila walikuwa wameshamwita mtoto mwingine aje tarehe 22. Mwalimu mkuu akasema nikifika kwa wakati, huyo mwingine watambana mahali. Nikafunga sanduku: sweta mbili, taulo, sabuni, ile saa yako uliyoituma. Mikono haikutaka. Nilifunga hivyohivyo, ingawa haikutaka.

Juzi tulifika saa nne asubuhi. Mlezi wa bweni ni mama mnene mwenye sauti ya ukali, nikamchukia papo hapo. Akampitisha Chiriku mlangoni, akamwambia ahesabu vitanda kwa mkono, cha kwake ni cha tano. Akahesabu mpaka cha tano, akakaa, akauliza cha sita ni cha nani. Kutoka cha sita mtoto akajibu. Wakaanza kuongea wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nikasimama pale na mkoba wangu kama mtu aliyepotea njia. Alinisahau dakika kumi nzima. Nilipomuaga alilia, nami nililia, na yule mlezi akanitoa nje kwa kunishika kiwiko.

Baba yake alikuwa akiningoja kwenye lori, tukarudi nyumbani.

Sasa nikuambie jambo moja, kisha niache, maana zamu inaanza. Nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki usiiharakishe. Ile karatasi ya kabatini nimeibandua. Maneno yenyewe pengine yalikuwa ya kweli, sina ugomvi nayo. Nilimpeleka mtoto bila neno la mhubiri, bila lako, bila sauti yoyote ya kuniambia niende wala nibaki. Njia nzima nilikuwa naogopa, na njia nzima nilikuwa namwambia Mungu kwamba naogopa. Leo ni siku ya pili nyumba ina kimya, na sijui kama nilifanya sawa.

Ukinijibu, niandikie habari za saa, za kazi, za mke wa mchungaji na saa yake mbovu. Usiniandikie kwamba nimefanya vyema.

Dada yako